Yurea ya Baba Mdogo

Nilimwambia baba mdogo kwamba mbolea aliyouziwa si yurea halisi. Nilimwambia nikiwa maabara, koti jeupe mwilini na kipimajoto mkononi, naye akaniamini kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye niliyesomea kemia. Kesho yake alikwenda dukani na maneno yangu, akayasema mbele ya wateja. Maneno yale hayakuwa kweli.

Ilikuwa Januari, mwaka wangu wa pili wa kufundisha Mbeya mjini. Baba mdogo analima mahindi na viazi upande wa Rungwe, huko ambako mtu hutoka nyumbani na mwavuli hata kama jua linawaka. Alikuwa amepandia mbolea ya DAP, kisha akakuzia kwa yurea, lakini wiki zikapita, mahindi yakafika magotini, na majani bado ya njano. Akachota konzi ya mbolea iliyobaki mfukoni, akaifunga kwenye gazeti, akaitia ndani ya koti, akapanda gari kuja mjini. Mvua ilimnyeshea Tukuyu akisubiri gari, ikamnyeshea tena aliposhuka stendi.

"Mwalimu," akaniambia, maana mbele ya watu haniiti mwanangu, "ninyi mna vyombo. Niambie kama nimeuziwa chumvi."

Vyombo vyenyewe vilikuwa kipimajoto cha zebaki, bika ya glisarini, jiko dogo la gesi, na mirija myembamba ya kioo ambayo tuliivuta wenyewe kwa kulainisha kioo kwenye moto. Ukiziba ncha moja ya mrija kwa mwali, umepata chombo cha kupimia kiwango cha kuyeyuka. Maabara kubwa zina mrija wa Thiele, ule wenye mkono wa pembeni unaofanya mafuta ya moto yazunguke yenyewe. Umepewa jina la Johannes Thiele, mkemia wa Ujerumani. Sisi tulikuwa na waya uliokunjwa kitanzi, unakoroga glisarini kwa kupandisha na kushusha.

Kanuni nilikuwa naijua vizuri. Yurea ni kampaundi ya kikaboni, na ina heshima yake katika historia: mwaka 1828 Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara kutokana na chumvi isiyo ya kikaboni, wakati ambapo wengi waliamini vitu vya namna hiyo hutengenezwa na viumbe hai tu. Kampaundi kama hizi, zikiwa safi, kila moja ina joto lake la kuyeyuka. Naftalini ni nyuzi 80, asidi ya benzoiki 122, yurea 133. Iliyo safi huyeyuka kwa mkupuo, ndani ya nyuzi moja au mbili. Iliyoingiliwa na kitu kinachoyeyuka pamoja nayo hushuka chini ya kiwango chake na kujivuta: inaanza mapema, inachelewa kumaliza.

Mtu wa kwetu anaweza kuliona jambo hili jikoni. Nunua mawese Kyela, kule bondeni kando ya Ziwa Nyasa, upande nayo mpaka Mbeya mwezi wa Juni. Chupa iliyoondoka ikiwa na mafuta mekundu yanayomiminika itafika na rojo zito chini na mafuta yanayoteleza juu. Mawese si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa mafuta mengi, kila moja na joto lake la kuganda, kwa hiyo hakuna saa ambayo chupa nzima inaganda kwa pamoja. Ni katika kazi ya mafuta ndipo Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mwanzoni mwa karne ya 19, alipokitumia kiwango cha kuyeyuka kuthibitisha kama asidi aliyoitenga ni safi: alizidi kuisafisha mpaka kiwango kikaacha kupanda. Nalipenda sana wazo hilo. Hakukuwa na mashine ya kumwambia "sasa imetosha". Ilikuwa namba inayokataa kusogea.

Yote haya nilikuwa nayafundisha darasani. Siku ile sikuyatenda.

Ilikuwa Ijumaa saa tisa, na baba mdogo alitaka kuwahi gari la jioni. Nililifungua gazeti lililolowa. Punje zilikuwa zinanatanata vidoleni. Nilizisaga juujuu kwa kitako cha chupa, nikashindilia unga kwenye mrija mpaka ukafika karibu sentimita moja, nikaufunga mrija ubavuni mwa kipimajoto kwa kipete cha mpira, nikawasha gesi kwa moto wa kusongea ugali. Zebaki ilipanda mbio. Kwenye nyuzi 112 unga ulisinyaa na kulowa. Kwenye 124 mrija ulikuwa umejaa kimiminika kisicho na punje. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi: 124.

Kipande kile cha karatasi kinanisuta mpaka leo. Sikuandika 112. Kipimo cha kuyeyuka kina namba mbili, pale tone la kwanza linapoonekana na pale punje ya mwisho inapopotea. Pengo la nyuzi 12 kati yake lilikuwa linanieleza kwamba kuna kitu kimeingia humo, lakini halikunieleza ni kitu gani, wala kimeingilia wapi: kiwandani, dukani, au ndani ya koti lililonyeshewa. Swali hilo nililijibu mwenyewe, tena bila kufikiri. Nikasema dukani.

"Yurea inayeyuka 133," nikamwambia. "Hii yako 124. Imechanganywa."

Mwenye duka ni mama ambaye kijiji kizima kinamjua. Miaka ambayo viazi vilikosa bei aliwapa watu mbolea kwa mkopo, na baba mdogo alikuwa mmoja wao. Jumamosi jioni baba mdogo alinipigia simu, sauti imejaa fahari. "Nimemwambia wazi, mwanangu amepima maabara." Akaongeza kwamba watu wawili waliokuwa wakisubiri kupimiwa waliondoka bila kununua. Nilikata simu nikiwa na uzito fulani tumboni ambao sikuutafutia jina.

Jumatatu nilimsimulia fundi wetu wa maabara, mzee aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu. Alinisikiliza akiendelea kuosha testi tyubu. Kisha akauliza neno moja tu.

"Uliikausha?"

Sikuikausha. Na yurea hunyonya unyevu wa hewa, kila mkulima aliyewahi kuacha mfuko wazi masika anajua, kwani asubuhi hukuta bonge. Maji kidogo yakikaa kati ya punje, yanaanza kuziyeyusha kabla joto lake halijafika. Niliyajua hayo pia. Lakini aibu ina ujanja wake, na mimi nikatafuta mwingine wa kubeba lawama. Nikasema labda kipimajoto ni kibovu.

"Basi tukipime," mzee akasema.

Tulichukua barafu kantini, tukaiponda, tukaitia maji kidogo, tukazamisha kipimajoto. Zebaki ikatulia kwenye sifuri. Tukachemsha maji. Yakatokota kwa nguvu, mvuke ukajaa dirishani, na zebaki ikasimama kwenye 94, haikupanda tena. Moyo wangu uliruka. Nyuzi sita! Ukiongeza sita kwenye 124 unapata 130, na 130 si mbali na 133. Kipimajoto ndicho kilichonidanganya.

Mzee akaniangalia kwa upole. "Mwalimu, mama wa nyumbani kwako akibandika maharage hapa Mbeya, yanaiva baada ya muda gani?"

"Yanachukua nusu ya siku," nikajibu.

"Na mlipokuwa Dar?"

Nilinyamaza, maana nilikwisha kuliona jibu. Maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua uzito, na maji hayasubiri kufika 100. Nyuzi 94 ndipo mahali pake hapa. Kipimajoto kilikuwa kimesema kweli kabisa. Maharage ya kila nyumba mtaani yalikuwa yanatoa ushahidi huo kila siku, na mimi mwenye shahada nilitaka kumrekebisha shahidi.

Kuyeyuka hakufuati mlima. Kitu kigumu kinapogeuka kimiminika ujazo wake haubadiliki sana, si kama maji yanapogeuka mvuke, kwa hiyo tofauti ya hewa kati ya Dar es Salaam na Mbeya haikigusi kwa kiasi ambacho kipimajoto chetu kingeweza kuonyesha. Ndiyo maana jedwali la viwango vya kuyeyuka lililochapishwa Ulaya linatumika Mbeya bila kubadilisha namba, ila jedwali la kuchemka ukilichukua hivyo hivyo litakupoteza. Na ndiyo maana kipimajoto cha kazi hii ni bora ukijaribu kwa vitu vinavyoyeyuka. Nikapendekeza tutume mtoto dukani akanunue vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini, tukitafute kiwango cha naftalini. Mzee akakataa. Alisema vya dukani si vyote ni naftalini, vingine vimetengenezwa kwa dikloribenzini, na hiyo huyeyuka 53. (Miaka ya baadaye nilivipima na wanafunzi wa kidato cha sita, pakiti mbili za maduka mawili. Moja iliyeyuka 80, nyingine 53. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Siku ile darasa halikutaka kutoka hata kengele ilipolia.) Tulitumia asidi ya benzoiki ya maabara. Iliyeyuka kati ya 121 na 122. Kipimajoto hakikuwa na kosa.

Bahati nzuri lile gazeti sikulitupa. Tulizitandaza punje zilizobaki kwenye kisahani, tukakiweka ndani ya kopo kubwa la pipi lenye kloridi ya kalsiamu chini ya kunyonya unyevu, maana desiketa, chombo chenyewe cha kukaushia, hatukuwa nayo, tukafunga kifuniko vizuri, tukaacha mpaka Alhamisi. Punje zilizokuwa zinanata zilitoka zikigongana kama changarawe.

Hapo ndipo mzee aliponifundisha kazi ambayo nilidhani naijua. Tulisaga kwenye kinu kidogo mpaka unga ukawa laini kama poda ya mtoto, kwa sababu chenga kubwa huacha hewa katikati na joto haliingii sawasawa. Mdomo wa mrija ukagongwa kwenye unga, kisha mrija ukadondoshwa ndani ya bomba refu la kioo lililosimamishwa mezani. Ukifika chini unaruka, na unga unashuka na kukaa. Mara nne, mara tano. Kimo cha unga milimita mbili au tatu, basi. Nilipotaka kuongeza alinishika mkono. Unga mwingi, alisema, unaanza kuyeyuka pembeni wakati katikati hauna habari, na pengo la namba zako linapanuka bila kosa la mbolea.

Tukatayarisha mirija mitatu. Wa kwanza yurea ya maabara, iliyokaushwa vilevile. Wa tatu ya baba mdogo. Wa katikati mchanganyiko wa hizo mbili, nusu kwa nusu.

Huu wa katikati ndio ulionipa amani baadaye, na nadhani ndio uzuri mkubwa wa kazi hii nzima. Namba peke yake haimtaji mtu. Kuna asidi ya sinamiki, ambayo nayo huyeyuka 133 kama yurea. Tulipokuwa chuo tulipewa zote mbili bila majina, tukaapa kwamba ni kitu kimoja. Mwalimu akatuagiza tuzichanganye. Mchanganyiko ulianza kulowa hata kabla ya 120. Kila moja ilikuwa uchafu kwa mwenzake. Lakini ukichanganya kitu na kitu hicho hicho, hakuna aliyeingiliwa, na kiwango hakishuki.

Tulipandisha moto haraka mpaka 118, kisha tukaupunguza mpaka mwali ukawa kama wa koroboi inayoishiwa mafuta. Nyuzi moja kwa dakika. Ukienda mbio, unga, mafuta na zebaki havina joto moja kwa wakati mmoja, na unachosoma ni habari ya mwingine. Mzee alikaa kwenye kigoda macho kwenye mirija, mimi nikikoroga kwa kitanzi na kutaja namba. Dakika kumi na tano. Nje mvua ilikuwa inapiga bati na sikuisikia. 128. 129. 130. Unga ulikuwa bado mkavu, mweupe, umesimama. Kwenye nambari hiyo ndipo nilipojua nimemkosea mtu, kwa maana Ijumaa ile nilikuwa nimekwisha kutoa hukumu nyuzi sita nyuma.

"Ya tatu imetoa jasho," mzee akasema. Nikasoma 131. "Na ya katikati." Kisha, "Ya kwanza." 132. Kwenye 133 mirija yote mitatu ilikuwa myeupe kama maji.

Ya baba mdogo ilianza nyuzi moja mapema, na hilo lina maelezo. Yurea inapopata joto kiwandani, molekuli mbili huungana na kuachia amonia, zikawa bayureti, na kiasi kidogo cha bayureti hubaki kwenye mbolea ya kawaida. Amonia hiyo hiyo tuliisikia puani tulipozidisha moto kidogo, harufu ya choo kilichofungwa muda mrefu. Mirija iliyotumika tuliitupa. Yurea ikishayeyuka imeanza kugeuka kitu kingine, huwezi kuigandisha ukaipima tena.

Mzee hakuishia hapo. Alichukua kijiko cha punje akakitia kwenye bika ya maji. Alisema uchafu usioyeyuka ndani ya dutu, kama mchanga, haushushi kiwango hata kidogo. Mfuko unaweza kuwa nusu mchanga na mrija ukakusomea 133 safi, ila macho yataona chembe zilizobaki. Punje zote zilipotea majini, na bika ikawa baridi mkononi kama inavyopaswa kwa yurea. Hakuna mchanga. Akanikumbusha pia kwamba hata hivyo hatujapima naitrojeni, ambayo kwenye yurea ni asilimia 46, na kwamba mbolea nyingine kama DAP au CAN hazipimwi kwa njia hii kabisa. Mwenye shaka na mfuko mzima apeleke sampuli kwa wenye vifaa vya kazi hiyo. Sisi tulikuwa tumejibu swali dogo tu: hii ni yurea? Ni yurea.

Kuhusu majani ya njano, bwana shamba alikuja kueleza baadaye alipopita shambani. Baba mdogo aliimwaga yurea juu ya udongo bila kuifukia, zikafuata siku kadhaa za jua, sehemu ikaruka hewani ikiwa amonia. Kisha mvua kubwa ikaja na shamba lake liko kwenye mteremko.

Jumamosi nilipanda gari kwenda kijijini. Nilimkuta baba mdogo nyumbani, nikamwambia yote, nikaanza na koti lililolowa na kumaliza na mirija mitatu. Alikaa kimya muda mrefu. Nilitegemea anikemee. Akasema, "Mimi nilisema kwa mdomo wangu. Tunakwenda wote."

Mama mwenye duka alikuwa peke yake. Baba mdogo akamsalimia, naye akaitikia kwa sauti ya chini, bila kusimama. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ndiye niliyepima, na nilipima vibaya. Nilimweleza kwamba mbolea yake ilikuwa yurea, na kwamba maji niliyoyakuta humo yaliingilia mfukoni mwa baba mdogo. Nilisema nitakuja siku ya mnada niseme hivyo hivyo mbele za watu, na nilikuja.

Hakunijibu kwanza. Alimtazama baba mdogo. "Mwaka ule wa viazi," akamwambia, "nilikuuliza kitu?"

"Hukuniuliza, mama."

Akanyamaza tena. Halafu akanigeukia, akataka nimweleze huo mrija unavyofanya kazi. Nilimweleza kwa kutumia chupa ya mawese iliyokuwa kwenye rafu yake, sehemu iliyoganda na sehemu inayoteleza. Aliuliza maswali mazuri kuliko niliyoulizwa darasani wiki ile: je, unyevu na udanganyifu vinaonekana sawa kwenye kipimajoto? Nikamwambia vinaweza kuonekana sawa kabisa, ndiyo maana lazima ukaushe kwanza, na ukikausha kisha kiwango kikarudi, ulikuwa unyevu.

Aliinama chini ya kaunta akatoa mfuko uliokwisha kufunguliwa. Alisema ni mzigo mwingine, alioletewa na mtu mwingine, na wateja watatu wameulalamikia. Alikuwa ameacha kuuuza lakini hakujua aamini nini.

"Nipimie na huu," akasema.

Nilichota konzi. Nje mawingu yalikuwa yameshauficha Mlima Rungwe. Nikaomba mfuko wa nailoni, nikazifunga punje, nikatoa hewa, nikakaza fundo, kisha nikaomba wa pili.